Gesi Ipo, Moto Haupo

Mama msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtambo wa biogesi, bila shaka jambo hili umekwisha kutana nalo. Umeamka alfajiri kuchemsha uji wa watoto kabla hawajakwenda shule. Unatazama geji iliyoko ukutani: mshale umepanda, gesi imejaa. Unafungua koki na kuwasha njiti. Moto unashika, unarukaruka juu ya jiko, unazimika. Njiti ya pili vivyo hivyo. Njiti ya tatu unaanza kusikia harufu, unafunga koki na kukimbilia dirishani. Mwishowe unarudi kwenye mafiga nje, na watoto wanachelewa shule.

Baba naye akitoka anauliza, "Mama watoto, si geji imejaa? Mbona unapuliza kuni?" Hapo ndipo maneno yanapoanzia. Mama anaambiwa hajui kuwasha jiko, au amechezea koki, au anapenda moshi kwa kuwa ndio aliouzoea kwao. Na huyu ndiye anayebeba ndoo za samadi na ndoo za maji kila siku mpaka kwenye mtambo, jua liwake au mvua inyeshe. Anaumia moyoni, kwa maana anajua hakuacha hata siku moja.

Tumesikia kilio hiki mara nyingi, na tunapenda kusema mapema kwamba mara nyingi baba na mama wote wawili hawana kosa. Geji ile inapima kitu kimoja tu, yaani msukumo wa gesi ndani ya bomba. Haisemi hata kidogo gesi hiyo ni ya namna gani. Ni kama kulitazama gunia limejaa ghalani bila kujua kama ndani mna mahindi au pumba. Katika makala hii tunataka kulifungua gunia. Siku hizi vipo vifaa vya bei nafuu vinavyosemekana kupima methani, na vijana wetu wa ufundi wanavileta mpaka vijijini. Vingine ni vizuri. Vingine vitakula fedha yako na kukudanganya. Yafaa mama avijue kabla hajafungua kibubu.

Kilichomo ndani ya bomba

Biogesi si gesi moja, bali ni mchanganyiko. Ile inayowaka ni methani. Katika mtambo unaolishwa samadi ya ng'ombe na unaokwenda vizuri, methani huwa kama sehemu 55 hadi 65 katika kila sehemu 100 za gesi. Karibu yote iliyobaki ni hewa ukaa, ambayo ndiyo tunayoitoa tukipumua, na ndiyo inayotoa mapovu chupa ya soda ikifunguliwa. Hewa ukaa haiwaki kabisa; hata baadhi ya mitungi ya kuzimia moto hujazwa hiyo. Kisha kuna mvuke wa maji, na kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo yenye harufu ya yai viza.

Methani ikishuka hadi kama 45 kwa 100 jiko huanza kukataa: moto unakuwa dhaifu, unainuka juu ya matundu ya jiko, unazimika kwa upepo mdogo tu. Lakini hasara huanza kabla ya hapo. Meta moja ya ujazo ya methani tupu hutoa joto la megajuli 36 hivi. Basi meta ya ujazo ya biogesi yenye methani 60 kwa 100 ina joto la megajuli 21 na nusu, na yenye methani 45 kwa 100 ina megajuli 16. Kwa lugha ya jikoni, gesi iliyokuwa ikipikia masufuria manne sasa inapikia matatu, na geji inaonyesha vile vile. Mama anajiona anatumia gesi nyingi kuliko jirani yake, kumbe anatumia sawa naye ila yake ni nyepesi kwa joto.

Kwa nini methani ishuke? Ndani ya mtambo mna vijidudu vya namna nyingi, lakini tunaweza kuvigawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza huvunjavunja samadi na kuifanya kuwa asidi, kama vile togwa linavyochacha. Kundi la pili huichukua asidi ile na kutoa methani. La kwanza ni la haraka na lina nguvu. La pili ni la polepole, tena ni laini sana. Baridi kidogo, dawa kidogo, nalo linalala. Ukiulisha mtambo kupita kiasi, tuseme baada ya harusi mkamwaga humo ndoo tano za ubwabwa uliobaki, kundi la kwanza linafurahia na kutoa asidi nyingi, na la pili linashindwa kuimaliza. Tope linachacha. Gesi haikomi kutoka, la, pengine hutoka kwa wingi zaidi, ila sasa ni hewa ukaa. Ndiyo maana geji inajaa na moto hakuna.

Mambo mengine yanayoliumiza kundi hilo la pili ni maji ya sabuni, dawa ya kuogeshea ng'ombe, na samadi ya ng'ombe aliyechomwa sindano za antibiotiki, kwa mfano anapotibiwa kiwele. Samadi ya ng'ombe huyo itupwe shambani mpaka siku za dawa zipite. Kwa wenzetu wa nyanda za baridi, kama Njombe au miteremko ya juu ya Kilimanjaro, miezi ya Juni na Julai mtambo hupunguza kazi wenyewe, na hilo si ugonjwa.

Sasa, faida ya kupima methani ndiyo hii: hushuka kabla jiko halijakataa. Mama anayejua kwamba wiki iliyopita ilikuwa 60 na leo ni 53 ana nafasi ya kuacha kulisha siku chache, akamwita fundi, akaazima ndoo kadhaa za tope kutoka kwenye mtambo wa jirani unaokwenda vizuri ili ziwe mbegu. Mama asiyejua atagundua siku njiti ya tatu inapozimika, na wakati huo tope lililokwisha chacha huchukua majuma kurudi.

Zamani mambo yalikuwa wazi zaidi. Mitambo ya kwanza iliyojengwa na SIDO hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa ya aina ya India, yenye pipa la chuma linaloelea juu ya tope. Gesi ikiongezeka pipa lilipanda, ikipungua lilishuka, hata mtoto aliona. Baadaye CAMARTEC ya Arusha ikaeneza mitambo ya kuba iliyojengwa chini ya ardhi, na kuanzia mwaka 2009 mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani ulijenga maelfu ya namna hiyo. Kuba ni imara na halipati kutu, nasi tunalisifu, ila limefunikwa na udongo, na mwenye nyumba amebakiwa na geji tu. Hata hivyo pipa la zamani nalo halikusema lolote kuhusu methani.

Kihisio cha bei ya kuku

Tuanze na kifaa kinachouzwa zaidi. Vijana huita sensa (siyo ile ya kuhesabu watu), sisi tutaita kihisio. Kile cha methani kinachopatikana kwa urahisi katika maduka ya vipuri vya elektroniki, Kariakoo na kwingineko, kinaitwa MQ-4. Ni kidude cha duara, kidogo kuliko kifuniko cha soda, chenye wavu wa chuma usoni. Bei yake haipiti sana bei ya kuku. Huungwa na kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti, kama ile iitwayo Arduino, na namba hutokea kwenye kioo.

Ndani ya wavu mna udongo maalum wa oksidi ya bati, na waya unaoupasha moto. Mjapani Naoyoshi Taguchi ndiye aliyeivumbua njia hii mwaka 1962, akitaka kulinda nyumba na milipuko ya gesi. Gesi inayowaka ikigusa oksidi ile ya moto, umeme hupita ndani yake kwa urahisi zaidi, na kompyuta huhesabu mabadiliko hayo. Ni kazi ya akili kweli kweli.

Lakini sikiliza vizuri hapa, mama, maana hapa ndipo wengi wanapoliwa fedha. Kihisio cha MQ-4 kilitengenezwa kugundua gesi inayovuja katika hewa ya chumba. Mwisho wa uwezo wake ni sehemu 10,000 katika milioni, yaani 1 katika 100. Biogesi yako ina methani 60 katika 100. Kukiingiza kidude hiki moja kwa moja ndani ya bomba la gesi ni sawa na kupima gunia la mahindi kwa mizani ya sonara. Mizani itagonga mwisho wake na kubaki hapo, uweke gunia moja au kumi. Tena kuna kasoro ya pili: kihisio hiki hakifanyi kazi sawasawa bila oksijeni, na ndani ya bomba oksijeni haimo. Kwa hiyo kijana anayekuja na kidude kilichochomekwa kwenye bomba, kioo kikiandika "methani 62", mwulize namba ile imetoka wapi. Mara nyingi ameiandika mwenyewe katika programu yake, si kwa ubaya, ila kwa kutosoma karatasi ya mtengenezaji.

Ipo njia ya kukitumia kwa haki, nayo ni kuipunguza gesi makali kwa hewa. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta mililita 10 za biogesi, uziingize katika chombo cha lita moja chenye hewa safi ambamo kihisio kimefungwa. Gesi sasa imechanganywa kama mara 100. Methani iliyokuwa 60 kwa 100 imekuwa kama sehemu 6,000 katika milioni, ambayo kihisio kinaiweza, oksijeni ipo ya kutosha, na mchanganyiko wenyewe uko mbali na kiwango cha kuweza kulipuka. Hapo namba inaanza kuwa na maana.

Hata hivyo, usiitegemee kama mizani ya duka. Kihisio hiki husumbuliwa na unyevu na joto la hewa; siku ya mvua kitasema hivi, siku ya kiangazi vile. Kikiwa kipya hutaka kuachwa kwenye umeme siku moja au mbili kabla ya kuaminiwa. Nacho huzeeka. Kinachofaa ni kulinganisha nyumba na nyumba yenyewe: leo na juma lililopita, saa ile ile, chombo kile kile. Na kila baada ya muda kipimwe kwa gesi ambayo kiasi chake cha methani kinajulikana. Utaipata wapi gesi inayojulikana? Hapo inakuja njia yetu tunayoipenda zaidi kuliko zote, ambayo haina hata waya mmoja.

Sindano na kostiki soda

Akina mama wanaotengeneza sabuni wanaijua kostiki soda. Hatusemi magadi ya kuivishia maharage. Hayo hayana nguvu ya kutosha kwa kazi hii. Kostiki soda iliyoyeyushwa katika maji huimeza hewa ukaa kwa haraka, wala haiigusi methani. Basi ukichukua kipimo cha biogesi ukaitikisa pamoja na maji ya kostiki, hewa ukaa yote inaingia ndani ya maji, na inayobaki juu, karibu yote, ni methani. Unasoma kwa macho.

Inafanyika hivi. Yeyusha gramu 12 za kostiki soda katika maji ukipata mililita 100. Tafuta bomba la sindano kubwa, la mililita 60, kama lile linalotumika kwa mifugo au hospitalini kwa kulishia wagonjwa. Acha gesi itoke kidogo kwenye mpira ili hewa iliyokuwamo iondoke, kisha vuta mililita 40 kamili. Halafu vuta mililita 10 za maji ya kostiki, ziba mdomo, tikisa dakika moja au mbili. Sasa uchovye mdomo wa bomba ndani ya maji yale ya kostiki na kuufungua humo humo. Kwa kuwa gesi imepungua, maji yatapanda yenyewe kujaza nafasi. Acha yatulie, soma gesi iliyobaki. Kama ni mililita 24, methani yako ni 60 kwa 100. Kama ni 18, ni 45, na sasa unajua kwa nini uji haukuiva.

Rudia mara tatu uchukue ya katikati. Namba zikipishana sana, bomba linavuja au mkono ulikuwa na haraka. Fahamu pia kwamba hewa ya kawaida ikiingia katika kipimo itahesabiwa kama methani, kwa maana kostiki haiimezi. Kwa hiyo ukipata 75 au 80 kutoka kwenye samadi ya ng'ombe, usishangilie. Tafuta mahali hewa inapoingilia.

Na sasa maonyo, nayo si ya kupitia juu juu. Kostiki soda huunguza ngozi na hupofusha macho. Vaa glavu za mpira na miwani. Mimina soda ndani ya maji polepole, kamwe usimimine maji juu ya soda, maana yatachemka na kuruka. Usichanganye katika sufuria ya alumini! Kostiki huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Tumia chombo cha plastiki kigumu au kioo, kiandikwe jina, kifungiwe kabatini kwa ufunguo. Watoto wamekwisha kunywa kostiki iliyowekwa katika chupa ya maji, na tumbo lililounguzwa namna hiyo halirudi kama lilivyokuwa. Kazi yenyewe ifanyike nje, mbali na moto. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu na uende kituo cha afya. Kama unaona huwezi kutimiza haya yote, mwachie fundi, hakuna aibu.

Mwanga na sauti

Vipo vihisio vya daraja la juu zaidi. Vya kwanza hutumia mwanga wa infraredi, mwanga ambao jicho halioni. Kila gesi ina rangi yake ya mwanga huo inayopenda kuimeza. Kifaa hupitisha mwanga katika kijichumba chenye gesi na kutazama umebaki kiasi gani upande wa pili. Hiki hakihitaji oksijeni, na kinaweza kupima methani kutoka 0 hadi 100, hivyo ndicho kinachofaa hasa kwa bomba la biogesi. Bei yake si ya kuku tena, ni ya mbuzi, pengine mbuzi kadhaa. Mashine kamili wanazotumia wataalamu, zinazopima gesi nne kwa pamoja, hufikia bei ya ng'ombe wa maziwa kadhaa, na hizo si za kuwekwa nyumbani.

Adui wa infraredi ni maji. Gesi inatoka kwenye mtambo ikiwa na mvuke, ikipoa mvuke unakuwa matone, na tone moja juu ya kioo linapotosha kila kitu. Kwa hiyo gesi ipitishwe kwanza kwenye mtego wa maji. Adui wa pili ni ile gesi ya yai viza, inayokula shaba na nyaya za kifaa. Nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zikiachwa zipate kutu na kushindiliwa ndani ya kipande cha bomba, huinasa. Ni za kubadilishwa zikigeuka nyeusi.

Njia nyingine, ambayo sisi ilitufurahisha tulipoisoma, ni ya sauti. Katika hewa sauti husafiri meta 343 hivi kwa sekunde, katika methani meta kama 446, katika hewa ukaa 267 tu. Vifaa viwili vidogo, kimoja cha kupiga mlio usiosikika na sikio na kingine cha kuupokea, vikiwekwa ncha mbili za bomba, muda wa safari unasema methani ni nyingi au chache. Ni rahisi kwa bei. Ila joto likibadilika namba nazo zinabadilika, na hewa ikivuja kuingia, mahesabu yanapotea. Inahitaji fundi mwangalifu.

Mahali pa kidude cha kuku

Tusije tukaonekana tunakidharau kihisio cha MQ-4. Kwa kazi iliyokileta duniani, yaani kulia kengele gesi inapovuja jikoni, kinafaa sana, na tungependa kila jiko la biogesi liwe nacho. Methani huweza kulipuka ikiwa kati ya sehemu 5 na 15 katika 100 za hewa. Kengele nzuri hulia mapema sana kabla ya kufika huko. Lakini ifungwe wapi? Methani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda. Kwa hiyo kengele iwe juu, karibu na dari. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni. Kengele yake iwe chini. Nyumba nyingi siku hizi zina zote mbili, hasa tangu Serikali ilipozindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nyumba ya namna hiyo inahitaji kengele mbili. Kengele ikilia, usiguse swichi ya taa, usiwashe tochi ya simu mle ndani. Funga koki, fungua milango, toa watoto nje.

Jambo moja kidude hiki hakilifanyi, nalo limeua watu. Hakisemi kama ndani ya shimo la mtambo kuna oksijeni ya kupumua, wala hakikuonyi kuhusu haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ikiwa nyingi huua hata uwezo wa pua kunusa, hivyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Mtambo ukiziba, mtoto asishushwe ndani kwa kamba, hata akiwa na kifaa mkononi, hata kama baba amesema ni dakika moja tu. Mwite fundi wa biogesi mwenye vifaa vya kupulizia hewa.

Kununua kwa pamoja

Je, mama mmoja mwenye ng'ombe wawili anahitaji kihisio cha infraredi? Kwa maoni yetu hahitaji. Methani ya mtambo wenye afya haibadiliki kila saa; kupimwa mara moja kwa wiki mbili kunatosha, na kila wiki wakati wa baridi au mtambo ukiwa mpya. (Mtambo mpya hutoa kwanza gesi isiyowaka, iliyojaa hewa ukaa na hewa ya kawaida. Hiyo huachwa itoke nje, wala isijaribiwe kwa njiti karibu na mtambo.) Lakini akina mama kumi wa mtaa mmoja, ambao pengine tayari wana kikundi chao cha kuweka na kukopa, wanaweza kununua kifaa kimoja kizuri, kikazungushwa nyumba kwa nyumba na binti mmoja aliyefundishwa. Bei ikigawanywa kwa kumi inarudi kuwa ya kuku wawili watatu.

Muuzaji akija, mwulizeni kifaa chake kinapima kutoka ngapi hadi ngapi. Akisema mwisho ni sehemu 10,000 katika milioni, mshukuruni kwa ukweli wake na mnunue kengele. Mwulizeni kilirekebishwa lini na kwa gesi gani. Mwulizeni atakirekebisha nani mwaka ujao. Kisha mpelekeni kwenye mtambo wa mmoja wenu, apime kwa kifaa chake, nanyi mpime kwa sindano na kostiki mbele yake. Zikipishana kwa mbili au tatu si neno. Zikipishana kwa kumi, na aende akafikiri.

Daftari la shule la kurasa 40 linatosha kwa kumbukumbu. Andikeni tarehe, ndoo za samadi na za maji, ng'ombe aliyetibiwa kama yupo, rangi ya moto, na methani. Daftari hilo likae jikoni, mahali ambapo baba naye anaweza kulifungua.